Ombi la Kuibandua Orodha ya Wakulima wa Ruzuku

Ndugu Afisa Kilimo,

Natumaini u mzima, na kiyoyozi chako pia. Mimi ni kinyozi wa mkabala na ofisi yako, yule anayekuchonga ndevu. Nakuandikia kwa heshima kuhusu orodha ya waliopata ruzuku ya mbolea, mliyoibandika ukutani eti kwa ajili ya uwazi. Mimi ni wa kumi na tisa: ekari nne za mahindi.

Uwazi siukatai. Ila wenu umepitiliza. Madhara yake, na maombi yangu, ni haya:

1. Shamba langu liko nyuma ya kibanda cha kunyolea, na linatosha kutandika godoro la mtu mmoja. Mpimaji wenu alikuja siku ya mvua, akapima bila kushuka garini, kwa kufumba jicho moja. Akasema hapo hapapungui ekari nne. Mimi ni nani nibishane na mwenye gari? Nikasaini.

2. Wateja hawalipi. Mtu ananyolewa, anapakwa poda shingoni, anainuka na kuniambia, "Mkulima, kata kwenye ruzuku." Juzi mmoja alidai chenji.

3. Mama mkwe. Alizisikia ekari zangu kwa jirani, akaja na magunia sita matupu. Amekaa sebuleni anasubiri kuonyeshwa shamba. Nilimwambia liko mbali, akasema viatu anavyo. Nilimwambia lina nyoka, akasema basi watampisha. Sasa ametangaza kwamba asipoliona kufikia Jumapili ataondoka na binti yake, kwa kuwa hakumwoza kwa mwongo. Mke wangu ameanza kukunja nguo, tena zile nzuri nzuri. Bwana Afisa, mimi mke wangu nampenda.

4. Kwa hiyo naomba orodha ibanduliwe. Kama sheria hairuhusu, ibandikeni darini. Mwananchi mwenye haki ya kujua alale chali asome.

5. Au tangazeni wasiopata. Hao ni wengi, hawana cha kuficha, na hakuna mkwe atakayewafuata na magunia.

6. Yote hayo yakishindikana, nipeni hizo ekari nne. Orodha itakuwa ya kweli, nanyi mtakuwa mmetekeleza uwazi kwa vitendo. Ziwe na mahindi tayari, maana Jumapili si mbali.

Nisalimie makarani wote, mlinzi wa getini, na mpimaji pia, siku akishuka.

Wako mtiifu, mwenye ekari za kwenye karatasi,
Kinyozi wa Mkabala

Tanbihi: Bwana Afisa, usiibandue! Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Mama mkwe amerudi sasa hivi kutoka ukutani kwenu. Alikwenda na mke wangu kuhakiki ekari zangu, na mke wangu akasoma kwa sauti, akapitiliza jina langu hadi la ishirini na sita. Hilo ni la mama yake mzazi: ekari kumi na mbili za mpunga. Mama anakaa ghorofa ya tatu, na shamba lake ni ndoo ya mchicha dirishani. Nguo zimerudi kabatini. Tafadhali iwekeeni orodha hiyo kioo, na taa ya usiku. Mama mkwe sasa anaomba tu tusizungumzie kilimo wakati wa kula.