Samli Kwenye Enanga ya Mzee Rwezaura

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mikono ya Mzee Rwezaura imeanza kutetemeka. Kasema Jumapili, baada ya ibada ya Pentekoste, atamkabidhi enanga yake, zeze letu la ubao la Kihaya, mwanafunzi atakayeipiga vizuri. Kijijini kwetu Kanoni imebaki hiyo moja tu, na anaogopa kufa ikiwa kimya. Wanafunzi tuko wawili: mimi na Adventina wa kwaya. Yeye anajua kupiga. Mimi nina akili. Nimeiazima kwa ajili ya mazoezi, ati.

Jumanne, 3 Juni
Nitamshinda kwa mng'ao. Nimeipaka kopo zima la samli, ubao na uzi, nikaianika juani kwenye mkeka wa kuanikia kahawa. Mke wangu, Kokwijuka, kauliza samli iko wapi. Nimemwambia utamaduni una gharama.

Jumatano, 4 Juni
Msiba. Uzi wa enanga ni mmoja tu, huenda na kurudi mara nane juu ya ubao, nao ni kano za ng'ombe. Mbwa wa jirani Gaudiosus kaanza kula upande huu, katokea upande wa pili. Nimemwambia Gaudiosus kwamba mbwa wake ni adui wa urithi wetu. Kajibu kuwa hajapata kuona mtu akiunga kano kwa samli, akaziweka chini, halafu akamlaumu mbwa.

Ijumaa, 6 Juni
Nimefunga waya wa breki ya baiskeli. Adventina akapita njiani. Nikakaza zaidi, asikie. Ubao ukapasuka. Nimelia, na sitaki kulizungumzia.

Jumapili, 8 Juni
Nimeipeleka imefunikwa kitenge. Mzee kapapasa ufa kwa kidole, mwanzo hadi mwisho. Heri angenitukana. Mwishowe kasema hata babu yake aliwahi kuipasua, akaibana kwa bati. Nasi tukaibana kwa bati. Adventina katoa uzi mpya. Kumbe wiki tatu amekuwa akikausha kano kwenye kichanja, juu ya moshi wa jiko. Kapiga. Sauti ilikwaruza kidogo, lakini Mzee aliimba naye hadi mwisho, mikono imetulia magotini. Enanga kampa yeye.

Mimi nimegawiwa kano mbichi, nianze uzi wangu. Mzee kasisitiza: kichanjani, kwenye moshi, wiki tatu. Wiki tatu! Nimezianika kwenye mkeka wa kahawa, jua ni kali, na samli kidogo tu zisikakamae. Mbwa wa Gaudiosus amekuja kukaa karibu nami. Naona siku hizi ananiheshimu.