Senene wa Mpira

Jumamosi, 16 Novemba

Mke wangu Annastella bado yuko kwao Kishanda. Nimepika ndizi mwenyewe. Chini zimeungua, juu mbichi. Sijui mtu anawezaje kufanya yote mawili kwa sufuria moja.

Aliondoka kwa jambo dogo. Aliamka alfajiri, akaokota senene, wale panzi watamu wa msimu, kwenye nyasi zenye umande hadi kopo likajaa, akakaa barazani kuwanyonyoa mbawa na miguu. Desturi yetu inajulikana: mke humpa mume senene, mume humpa mke nguo. Nguo sijawahi kutoa. Mwaka mmoja nilitoa mwavuli. Niliupata bure kwenye mkutano wa ushirika, lakini ulikuwa mwavuli!

Mwaka huu nilichukua kopo lote nikaenda nalo ziwani. Chambo. Nilirudi na furu wawili, kila mmoja kama kidole gumba. Annastella aliwatazama furu, akalitazama kopo, akaingia ndani kufunga mzigo. Kikaango alikichukua pia.

Nilidhani redio ndiyo iliyokuwa ikichangamsha nyumba hii. Nimeiwasha. Bado kimya.

Jumatatu, 18 Novemba

Mungu hamtupi mja wake. Mpwa wangu Alexander, aliyeko Kanada, amenitumia pakiti mbili za chambo cha mpira kupitia padri mmoja aliyekuwa akirudi likizo. Vidude laini, vya kahawia na kijani, vina mkia unaotikisika. Kwa mbali, senene mtupu! Kwenye pakiti kuna picha ya mzungu aliyevaa makoti matatu, amekaa juu ya ziwa lililoganda, anavua kupitia tundu. Anacheka. Ana mke huyo, inaonekana.

Nimekwisha kupiga hesabu. Ugomvi ulitokana na senene kuwa chambo. Sasa chambo ni mpira. Kwa hiyo ugomvi umekwisha. Kilichobaki ni kumvulia baba mkwe sato mkubwa kwa chambo hiki, niende Kishanda nao, mpira na sato, kama ushahidi. Kuomba radhi hakutahitajika.

Jumanne, 19 Novemba

Nimefunga saluni yangu ya kunyoa Rwamishenye, nikaenda ufukweni. Mpira umekaa majini asubuhi nzima. Hakuna aliyegusa.

Pembeni yangu Hamidi, muuza samaki, alivua kwa minyoo ya shambani. Sato baada ya sato. Akaniuliza kama mpira wangu unaogopa kulowa. Mtu anayevua kwa minyoo atajua nini kuhusu teknolojia?

Nimempigia Alexander. Anasema chambo hiki kinatikiswa kidogo tu, kama mkono wa mtu anayetetemeka kwa baridi. Nimemweleza kwamba Bukoba hakuna baridi ya namna hiyo. Akasema nitumie akili.

Jumatano, 20 Novemba

Nimetumia akili. Nimesimama ziwani maji yakiwa kifuani, alfajiri, mvua ikinyesha, ili nitetemeke. Nimetetemeka vizuri mno. Samaki hakuna. Homa ipo.

Mchana kuku wa jirani yangu, Mama Nuriat, ameingia barazani akameza senene wa mpira mmoja. Mama Nuriat amekasirika sana. Mimi nimefurahi. Ushahidi! Kuku hana sababu yoyote ya kunipendelea.

Annastella angekuwepo angenichemshia maji na majani ya mchaichai, huku akinisema. Nimechemsha maji. Hakuna wa kunisema.

Jumamosi, 23 Novemba

Homa imeshuka. Wazo limepanda. Yule mzungu wa pakiti anatoa samaki kwenye barafu. Hamidi naye ana sanduku la samaki, limejaa barafu. Nikimtoa sato humo kwa ndoano na mpira wangu, nani atasema sikumvua kwenye barafu?

Hamidi alinitazama muda mrefu nilipolipia kisha nikamwomba anishikie kifuniko. Alimfunga samaki kwa majani ya mgomba, akamrudisha kwenye barafu hadi nimpitie kesho asubuhi. Akasema, kwa upole ambao sikuupenda, kwamba kwa mwanamke kama Annastella yeye angekwenda mikono mitupu akapiga magoti.

Ana wivu.

Jumapili, 24 Novemba

Kishanda. Baba mkwe, Mzee Kagaruki, alinipokea vizuri. Mama mkwe alinisalimia kutoka mlangoni pa jikoni. Nikaeleza habari za Kanada, za mpira, za vita vyangu na sato yule kwa saa nzima. Nilionyesha kwa mikono. Mpira ulikuwa bado unaning'inia mdomoni mwa samaki, nilihakikisha.

Mzee alimpasua tumbo mwenyewe. Donge la barafu likaanguka kwenye sinia.

"Mkwe," aliniuliza, "siku hizi ziwa linaganda?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mzee alirudisha kahawa ya kutafuna mfukoni, ile ya kumkaribishia mgeni aliyokuwa ameitoa anipe.

Annastella alinisindikiza hadi barabarani. Amekonda. Kitenge alichovaa ni kile alichokuja nacho kwangu akiwa bibi harusi, na maua yake hayaonekani tena. Nilianza kumweleza kuhusu kuku wa Mama Nuriat. Akanikatiza.

"Baba Yoeli, sikuondoka kwa sababu ya senene. Niliondoka kwa sababu ulipowachukua hukuniona nimekaa pale."

Akasema Jumapili ijayo, baada ya misa, wazee watakaa. Nije na kopo moja la senene niliowaokota kwa mikono yangu mwenyewe. Moja tu. Nisilete kitu kingine chochote.

"Ukileta hilo, tutarudi sote siku hiyohiyo," alisema. "Usipoleta, usije tena."

Nimelia kwenye basi. Nilimwambia abiria wa jirani ni homa.

Jumapili, 1 Desemba

Majilio yameanza. Nimeamka kabla ya jogoo. Mvua ilinyesha usiku, senene wametua kila mahali hapa Nyanga! Nimewaokota nikiwa nimepiga magoti kwenye nyasi. Mgongo umeuma, vidole vimechanika. Nimewanyonyoa mbawa na miguu mmoja mmoja barazani, pale pale alipokuwa akikaa. Ni kazi ndefu. Nimeona jinsi mtu anayepita anavyoweza kuonekana kutoka pale. Miaka yote ile alikuwa ananiona nikipita.

Kopo lilijaa. Nikapanda basi la Muleba, njia ya kwenda Kishanda, nikiwa nimelipakata kama mtoto mchanga.

Basi lilisimama Kemondo kupakia mizigo. Ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa kwenye bakuli. Mshipi wa kuvulia nilikuwa nao mfukoni, kwa bahati tu. Nikasema senene mmoja. Kulinganisha na mpira, basi. Kopo lilikuwa limejaa, nani atahesabu?

Wa kwanza aliliwa papo hapo. Wa pili pia. Basi lilipiga honi, likaondoka. Kulikuwa na sato pale, mkubwa, nilimwona kwa macho yangu! Nimempata sato huyo kopo lilipobaki na senene mmoja. Na huyo wa mwisho nikamtumia kuvulia furu.

Annastella alinipigia simu. Alisema wazee wamekaa, mama yake amebandika chungu, niko wapi? Nikamwambia niko njiani na kitu kizuri kuliko senene. Nilisikia watu wakizungumza nyuma yake, na mtu akicheka, kama nyumba yenye wageni.

"Haya, Baba Yoeli," alisema. Simu ikakatika. Nimejaribu tena, haipatikani.

Mtandao wa Kishanda ni mbaya sana.

Sasa niko nyumbani. Sato yuko kwenye beseni, sina hamu naye. Kopo liko mezani, tupu. Lakini nimekumbuka: pakiti ya pili ya Alexander sijaifungua. Rangi ni ileile. Urefu ni uleule. Wakikaangwa vizuri kwa chumvi na kitunguu kingi, wakaingia kwenye kopo, nikafika Kishanda jioni wakati mwanga umepungua...

Kikaango sina. Kesho nitaazima kwa Mama Nuriat, kama amekwisha kusahau habari ya kuku.