Galaksi Iliyotugeuzia Ubavu

Jumanne, 12 Mei
Wazo! Jumapili tunachagua mwenyekiti wa wapangaji hapa Bondeni. Kipkorir amekalia hicho kiti miaka sita kwa sababu moja tu: ana televisheni kubwa. Mimi nitawaonyesha kitu kikubwa zaidi. Cheruto, jirani yangu anayesoma Njoro, ana darubini ya chuo. Nimembembeleza, amekubali.

Jumatano, 13 Mei
Stima ilipotea, mbingu nyeusi tititi. Bahati iliyoje! Nikachungulia. Mstari mwembamba, basi. Cheruto akasema ni galaksi, nyota mabilioni, na mwanga huo ulitoka huko kabla binadamu hajakuwako. Ni bapa kama chapati, ila imetugeuzia ubavu. Jameni! Na huko je, kuna mtu anatuchungulia? Sisi anatuona uso au ubavu? Sikubanduka mpaka shingo ikakakamaa.

Kipkorir akachungulia pia, akasema ni unywele kwenye kioo. Wapangaji wakacheka. Unywele! Mimi, fundi wa miwani miaka kumi na tisa!

Alhamisi, 14 Mei
Nimepata dawa. Chapati ikikugeuzia ubavu, si unazunguka meza? Basi tutaitazama kutoka Njoro. Nimewatangazia wote: Jumamosi, uso mzima! Cheruto alianza kunieleza mambo ya umbali. Nikamwambia asinivunje moyo.

Jumamosi, 16 Mei
Tulifika Njoro watu kumi na wanne. Cheruto akailenga, akasema tuangalie haraka, dunia inazunguka na darubini haiifuati. Haraka bila maombi? Sisi ni wapagani? Nikamwomba Mama Edinah, mpangaji mwenzetu, atufungulie kwa sala. Akaombea viongozi, mvua, mahindi, wagonjwa, kisha kila mmoja wetu kwa jina. Ikafuata kujitambulisha. Kipkorir, mgeni wa heshima, akatusalimia dakika ishirini. (Nilimwalika mwenyewe. Nilitaka ashuhudie.)

Nikainama kwenye darubini. Giza tupu! Cheruto akaitafuta upya, wingu likafika kwanza. Mama Edinah akasema sala haiendi bure. Niliona aibu, nusura nilie.

Jumapili, 17 Mei
Kipkorir, kura kumi na tatu. Mimi moja, yangu. Hata Cheruto!

Jioni alinieleza polepole kwamba galaksi iko mbali mno, hata nizunguke dunia nzima nitaona ubavu uleule. Nilimsikiliza kwa makini sana. Sasa kosa langu nimeliona: Njoro ni karibu mno. Jumamosi tunaenda Kikopey, mbali zaidi. Kipkorir nimeshamwalika, na Mama Edinah amekubali kutufungulia kwa sala.