Ombi la Kulinusuru Dirisha Namba Mbili

Masijala, Dirisha Namba Mbili,
Ghorofa ya chini, mkabala na ngazi.

Kwa Mkurugenzi,
Ghorofa ya tatu.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: KUPIGWA MARUFUKU KWA PROGRAMU ZINAZOTENGENEZWA NA WATU WASIOJUA KUTENGENEZA PROGRAMU

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba barua hii inakukuta ukiwa upande wa ndani wa geti. Mimi ni mtunza masijala wako, yule ambaye wengi humwita Mzee Mhuri, na nimekaa nyuma ya dirisha namba mbili kwa miaka ishirini na sita. Kila fomu ya ofisi hii imepita mikononi mwangu: ya ruhusa, ya gari, ya balbu iliyoungua, ya kiti kilichovunjika mguu. Fomu ilikuja, nikaisoma, nikaigonga mhuri, nikaipeleka. Sijawahi kupoteza hata moja, isipokuwa ile iliyotafutwa siku tatu, na hiyo nilikuwa nimeikalia.

Sasa nimeambiwa kwamba mwisho wa mwezi huu dirisha langu litafungwa na chumba kigeuzwe stoo ya viti. Sikuambiwa na mtu. Niliambiwa na simu yangu, ilitetemeka mezani nikiwa nalainisha mhuri. Mheshimiwa, niliumia sana, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Chanzo cha mambo haya unakijua. Miezi miwili iliyopita ulituletea mkufunzi, binti mchangamfu mwenye sauti ya kuamsha watu, akatukusanya ukumbini sisi wote tusioijua kompyuta. Alituambia siku hizi mtu yeyote anaweza kujitengenezea programu ya kazi yake bila kuandika hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta. Unashika kisanduku kwa kidole, unakiburuta, unakiweka unapotaka, unakipa jina, basi. Mimi nilikaa nyuma kabisa nikakunja mikono. Wenzangu waliburuta visanduku tangu asubuhi mpaka mkufunzi mwenyewe akaomba apumzike.

Kabla hajaondoka aliwasisitizia jambo moja. Kwenye kisanduku cha mwidhinishaji wa mwisho, kila mmoja aandike jina la mtu anayemwamini kuliko wote hapa kazini. Kila mmoja akaandika jina lake.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili yasipotee.

1. Mpika chai wetu, Mama Birika, ametengeneza programu ya chai. Zamani tulichungulia jikoni tukasema chai, ikaja. Siku hizi unajaza idara, ukubwa wa kikombe, vijiko vya sukari, na sababu za kuhitaji chai. Niliandika "kiu". Nikajibiwa kwamba kwa kiu kuna maji. Niliandika "uchovu", nikaombwa shahidi. Nikaenda kwa miguu kumlalamikia, naye alinipokea vizuri sana, akanieleza kwa upole kwamba malalamiko yana kisanduku chake.

2. Dereva wa gari la ofisi, Kona, ametengeneza programu ya safari. Gari haliwaki mpaka dereva athibitishe kwa kidole kwamba ameshakunywa chai, kwa madai kwamba bila chai anasinzia. Mwidhinishaji wa mwisho ni yeye. Chai, kama nilivyokwisha kueleza, iko chini ya Mama Birika.

3. Mlinzi wa geti, tunayemwita Afande, ametengeneza programu ya kuingia na kutoka. Ni nzuri, ina rangi, ina kengele. Ila alisahau kuweka kisanduku cha watu wanaotembea kwa miguu. Kwa mujibu wa programu hiyo, kinachopita getini ni gari.

Mheshimiwa, tazama sasa yaliyotupata Jumanne. Maziwa yaliisha jikoni. Duka la maziwa liko ng'ambo ya barabara, unaweza kumwita muuzaji na akakuitikia. Lakini Mama Birika hakuweza kutoka kwa miguu, maana kisanduku hakikuwepo. Akaomba gari. Gari likamsubiri Kona anywe chai. Chai ikasubiri maziwa. Na maziwa yalikuwa ng'ambo ya barabara, tunayaona. Ofisi nzima ilisimama tangu saa tatu mpaka saa saba kwa ajili ya pakiti nne.

Ni siku hiyo hiyo ambayo wewe, kwa ushauri wa daktari, uliamua kuja kazini kwa miguu. Nisingependa kukukumbusha dakika arobaini ulizosimama nje huku Afande akikupigia saluti na kukuomba radhi. Najua pia jinsi lilivyokwisha jambo lile: uliandikishwa kama gari dogo la rangi ya kijivu, ukafunguliwa. Usichokijua ni kwamba hukufutwa. Programu ya geti na ile ya Kona zinasomana, na juzi Kona alipata ujumbe kwamba muda wako wa kumwaga oili umepita. Kijana wa watu alikuja kuniuliza afanyeje.

4. Balaa hili limenifuata nyumbani. Mke wangu na Mama Birika ni mtu na shoga yake, na kwa mchana mmoja tu alifundishwa. Sasa mama watoto ana programu ya maombi yangu. Kila ninachotaka nakiandika humo: maji ya kuoga, soksi, miwani ilipo. Kuna kisanduku kinachouliza "Umesema tafadhali?" na bila kukijaza huendi mbele. Nina ombi la kushonewa kifungo cha shati, na leo ni siku ya tisa linasomeka "Inashughulikiwa". Nimemuuliza uso kwa uso, tukiwa tumekaa kochi moja, maana yake nini. Akaniambia nifuatilie kwenye simu. Barua hii naiandika shati likiwa limeshikwa kwa pini ya karatasi, tena pini ya serikali.

5. Katibu muhtasi wako naye ametengeneza programu ya maagizo yako. Inalitangaza agizo kwanza, ndipo inatafuta wa kuliidhinisha. Kwenye mwidhinishaji wa mwisho hakukuandika wewe, alijiandika yeye. Tatizo likaja kwamba programu haimruhusu mtu kuidhinisha agizo alilolichapa mwenyewe, na maagizo yako yote anayachapa yeye. Kwa hiyo tangu wiki iliyopita hakuna agizo lako lililopita. Yote yamepanga foleni, likiwemo lile la kugeuza masijala kuwa stoo ya viti. Tumekuwa tukiyaona yametangazwa bila kutekelezwa, tukidhani umeghairi tu.

6. Hili ndilo lenyewe, na hayo mengine yalikuwa ya kulisindikiza. Watu hawaji tena dirishani. Zamani mtu alileta fomu, na wakati nikitafuta wino tulizungumza. Nilijua nani anaumwa jino, binti wa nani amefaulu, nani hapatani na mkwewe na kosa ni la nani. Wiki iliyopita walikuja watu wawili. Mmoja alitaka kuazima kiti. Mwingine alikuwa anatafuta choo, na nilimchelewesha kidogo kwa maongezi mpaka nikaona anabadilika uso. Siku zilizobaki niligonga mhuri gazeti langu, ukurasa kwa ukurasa, ili mkono usisahau. Mheshimiwa, mimi siogopi programu. Naogopa ukimya wa chumba kile.

Kwa sababu hizo, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo bila kuchelewa: (a) programu zote zilizotengenezwa na watu wasio na utaalamu zipigwe marufuku, (b) visanduku vyote virudishwe vilikotolewa, (c) simu za wafanyakazi zikabidhiwe asubuhi dirisha namba mbili, mtu aandikiwe risiti, nitakuwepo, (d) mkufunzi yule asikanyage tena hapa, na akikanyaga apite kwanza dirishani kwangu ajaze fomu, (e) jina lako liondolewe kwenye orodha ya magari.

Nakushukuru kwa kuisoma mpaka hapa, ukiwa mtu mwenye shughuli nyingi na maagizo machache. Nisalimie wote wa ghorofa ya tatu, katibu muhtasi akiwemo, maana sina ugomvi naye. Wasalimie mama na watoto nyumbani, na mwambie mama asimkaribishe Mama Birika. Mke wangu anakusalimu pia. Salamu zake nilizipokea kwa simu, akiwa chumba cha pili.

Wako mtiifu aliye nyuma ya kioo,
Mtunza Masijala
(mhuri umegongwa mara mbili, wa pili kwa hamu tu)

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Nilipopanda na barua hii, katibu muhtasi alikataa kuishika mkononi. Barua zako siku hizi zinapokelewa kwa programu. Nikateremka kwa Mama Birika kumwomba anitumie, akasema hatumi barua za watu, ila atanifundisha. Alinikalisha jikoni, akanipa chai bila fomu, akanishika kidole. Kisanduku cha kwanza kilinikimbia mara nne. Mara ya tano kikatulia, na nikapiga kelele mpaka Afande akaja mbio kuuliza kama nimeungua.

Kufika jioni nilikuwa na programu yangu, na wenzangu wote walikubali iunganishwe na zao. Inaitwa Dirisha Namba Mbili. Kazi yake ni moja: ombi lolote la ofisi hii likikwama zaidi ya saa moja, linaletwa kwangu, na mwenye ombi anakuja dirishani mwenyewe, anasalimia, tunaongea, nabonyeza. Jana walikuja watu thelathini na wanane. Foleni ilifika ngazini. Kona peke yake nilikaa naye nusu saa, na sauti imenikauka kwa furaha.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yote sita na maombi (a) mpaka (d). Mkufunzi naomba arudi haraka, kuna kisanduku kinanisumbua. Ombi (e) lisubiri kwanza, kwa sababu Afande bado hajaweka watu wa miguu na sitaki ulale nje.

Lile agizo la kufunga dirisha langu, kwa kuwa lilikuwa limekwama, nalo limeniangukia. Jana saa kumi na dakika kumi lilitokea kwenye simu yangu likiniuliza: Kubali au Kataa. Sijakataa, maana sina tabia ya kumkatalia mkubwa wangu.

Linashughulikiwa. Ukitaka kulifuatilia, karibu dirishani mwenyewe, na usiruke foleni.