Urithi wa Dini Bado Haujafika Karakanani

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaokula wino pamoja. Mimi ni seremala, msomaji wako wa kila Jumatatu, na sijawahi kukusumbua. Leo imenibidi. Ulichapa makala ya Mchumi anayesema kwamba mataifa hustawi au hudumaa kwa dini ambayo watu wake waliirithi kwa mababu. Dini yangu aliisifu: walioirithi ni wachapakazi, waaminifu, na mwishowe matajiri. Nilisoma, nikakunja gazeti, nikajipongeza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Utajiri haujafika. Taifa ni watu, nami ni mtu, kwa hiyo nilitarajia walau fungu dogo. Nimekaa mlangoni nikiungoja, mikono nimekunja, na aliyeingia ni mzoa taka, akauliza kama tumefunga.

2. Inaelekea utajiri umekosea mlango. Karakana ya pili ni ya kaka yangu, anayeshona vitambaa vya makochi. Baba yetu ni mmoja, mama mbalimbali. Yeye alilelewa msikitini, mimi kanisani. Dini yake Mchumi aliiweka mkiani. Nilimpelekea gazeti kwa upole, ajiandae kisaikolojia. Alilisoma huku anakanyaga cherehani, akanirudishia, akaniomba nisogee kidogo maana nimemzibia mteja. Makochi yake yamefurika hadi kwenye kibaraza changu. Mtu wa mkiani anayatoa wapi? Nikapigilia mbao katikati ya vibaraza vyetu ili baraka zisichanganyike. Tangu siku hiyo hatunywi chai pamoja, na sukari ilikuwa yake.

3. Mwalimu aliyeagiza kitanda cha binti yake alikuja akakuta mbao vilevile alivyozileta. Nilimfafanulia kwamba maendeleo ni suala la karne, si la wiki. Akaita mkokoteni, akachukua mbao zake. Mke wangu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Huyo babu aliyekurithisha, mwambie leo alete unga." Nikalifungua gazeti tena, lakini Mchumi hakueleza urithi huu unachukuliwa dirisha gani.

4. Ndipo nikaenda kwenye chanzo. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye pekee aliyebaki anayemkumbuka babu. Nilimwomba anieleze imani ya mzee ilikuwa na kina gani. Akanieleza kwamba babu alianza kuswali kwa sababu msikitini kulikuwa na kisima, kisha mvua zilipoanza akabatizwa, kwa sababu kanisani kulikuwa na bati. "Babu yako alitafuta maji, halafu akatafuta pasipovuja," alisema, akaendelea kuchambua mchele. Mhariri, niliumia. Kumbe mzee aliingia dini zote mbili mguu mmoja ndani, mmoja nje, na utajiri wetu umebanwa na mlango.

Kwa heshima zote, basi, naomba Mchumi aje apime upungufu wa babu. Kaburi nitamwonyesha mwenyewe. Naomba pia mababu wa nchi nzima wafanyiwe usaili upya, na watakaoshindwa tupewe wengine kutoka mataifa yaliyostawi, hata kwa mkopo. Tutawatunza vizuri. Kaka yangu asikopeshwe babu, kwani yeye tayari anafanikiwa kinyume cha utaratibu.

Nisalimie wapiga chapa, msahihishaji, mlinzi wa getini, na Mchumi mwenyewe pamoja na babu yake.

Ni mimi, ninayesubiri kwa imani,
Seremala wa nyuma ya stendi

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, mafundi wa umeme wamefika. Nilisahau kutaja kwamba transfoma ya mtaa wetu iliungua wiki ileile makala yalipotoka, na mashine zangu zote ni za umeme. Cherehani ya kaka ni ya miguu. Nasikia ndiye aliyekuwa akienda kila asubuhi kukaa kwenye benchi la ofisi ya umeme, akiomba kwa niaba ya karakana zote mbili, mpaka wakamchoka. Sasa msumeno unanguruma, mwalimu amepelekewa habari, na kaka amenipitishia juu ya mbao fremu ya kochi iliyovunjika mguu. Kama nafasi gazetini ni finyu, tafadhali punguza hapa kwenye N.B. Kule juu nimefanya utafiti.