Nilivyoidanganya Mashine ya Ikupa

Jumatatu, 7 Juni 1999
Mjukuu wangu Ikupa kaja na kompyuta kutoka Dar! Kaiweka dukani kwa Kheri, penye umeme. Ijumaa wanunuzi wa kakao watamjaribu. Mashine ikiwapangia orodha ya wakulima wa Makwale, anapata kazi, anabaki nami Ikolo. Ikishindwa, anarudi Dar. Nimezika wanangu wote. Huyu haondoki.

Jumatano, 9 Juni
Ikupa kaenda msibani Ipyana. Kaniachia mashine. Lugha yake, ile ya kuiamuru ipange orodha, imekuja mbichi, eti kompyuta inaijenga yenyewe, ila kwanza inauliza maswali mia. Kila swali lina jibu tayari pembeni. Ikupa kaniagiza: Babu, wewe bonyeza Enta tu, yale majibu yanatosha.

Mimi! Miaka thelathini nimevusha sukari ya Malawi mto Songwe. Afisa akikuandalia jibu, na pingu kaziandaa. Kiingereza changu cha migodini bado kipo. Jina? Mimi Tuntufye nikaandika Eliud. Lugha ikae wapi? Ikapendekeza mahali peupe kabisa. Nikaipeleka chumba cha vitu vya muda. Nani atapekua huko? Mengine nikabonyeza tu, isinishuku. Kheri akacheka: mzee wa magendo, humo nako unaficha nini? Wivu.

Alhamisi, 10 Juni
Lugha imeiva! Orodha ikajipanga yote. Ikupa kanikumbatia, kanishukuru. Ndaga, Babu, ndaga! Jioni tukazima.

Ijumaa, 11 Juni
Wanunuzi wakakaa. Ikupa akawasha. Lugha hakuna. Kumbe kile chumba mashine inakifagia kila ikiwashwa! Kujenga upya ni kutwa nzima. Hawakungoja. Kazi kapewa Davidi, kijana wa hapa, na daftari lake.

Ikupa akauliza nani kabadili jibu. Nikasema labda Kheri.

Jumamosi, 12 Juni
Kapanda basi. Kasema ataandika barua. Hakugeuka.

Jumanne, 29 Juni
Chungu kimoja, sahani moja. Nimekwenda posta kuuliza kama Ikupa kaandika. Kabla sijafungua mdomo, karani akaniwahi: shikamoo mzee, unamfahamu Tuntufye wa Ikolo? Barua yake hii, imetoka Dar.

Mtu wa serikali, jina langu mkononi! Nikamtazama machoni. Nikamwambia huyo alishahamia Malawi. Akaigonga muhuri irudi ilikotoka.

Nimerudi kwa miguu, nacheka peke yangu. Hawanipati!