Ombi la Kupandishwa Daraja Niwe Mdaiwa Sugu

Ndugu Meneja wa Tawi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na hao wateja unaowapenda. Mimi ni seremala, mteja wako mwaka wa sita. Sijawahi kuchelewesha rejesho hata siku moja, na ndiyo maana hunijui. Malalamiko yangu ni haya:

1. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikopa kwenu fedha za kufuga kuku elfu mbili. Kuku sijawaona, ila gari nimelipanda. Tangu aache kulipa, afisa mikopo wenu humpigia simu kila asubuhi: "Mzee wangu, umeamkaje? Nyumbani hawajambo?" Mimi nililazwa wiki mbili, hamkuuliza hata kama nipo hai. Rejesho lilifika, mkaridhika.

2. Akija hapo tawini anakalishwa kwenye kochi, analetewa chai, anabembelezwa alipe chochote alicho nacho. Mimi huja na fedha taslimu nikasimama foleni, maana benchi mliliondoa ili kubana matumizi. Keshia wa pili naye mmemwondoa.

3. Mwezi uliopita mliniandikia, mara ya kwanza kwa miaka sita. Nilifungua bahasha kwa furaha. Kumbe mikopo chechefu, yaani ya akina shemeji, imekula faida ya benki, kwa hiyo mnatupandishia riba sisi tunaolipa! Nyongeza hiyo ni sawa na mshahara wa fundi wangu. Jumatatu nimemwachisha kazi, ana watoto watatu. Hilo limeniuma sana.

4. Shemeji amepunguziwa riba, akaongezewa miaka, kisha akapewa mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wenu tembo kalinywa lote, na bado mnasifu kibuyu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, nipandishwe daraja niwe mdaiwa sugu kuanzia mwezi huu. Nimeshajiandaa. Simu sipokei, na nimejifunza kusema "wiki ijayo bila kukosa" pasipo kupepesa macho. Wakopaji wote wakifuata mfano wangu, hakuna atakayeonewa, nanyi mtapumzika kabisa na kazi ya kuhesabu faida.

Nisalimie keshia aliyebaki, pole yake na foleni. Nisalimie pia mlinzi, ndiye pekee hapo anayenijua kwa sura.

Ni mimi, mlipaji wako wa zamani,
Seremala wa nyuma ya soko

Baada ya kutia saini: Nilikuwa nagundisha bahasha dada yangu alipoingia karakanani akilia. Leo ndiyo amejua kwamba nyumba wanayolala na watoto shemeji aliiweka dhamana kwenu. Basi naambatanisha risiti mbili, ya rejesho langu na ya rejesho la shemeji. La kwake nimelilipa kwa kuuza mashine yangu ya randa. Nakuomba jambo moja tu, usimwambie shemeji kwamba limelipwa. Atakuja kukopa tena, na mtampa.